Shinikizo Nililolifunga Kitandani

Aibu yangu inajulikana toka sokoni Kariakoo mpaka Ilala, kwa hiyo kunyamaza hakunisaidii kitu, nikinyamaza mimi watasimulia wengine, na wakisimulia wanakosea, tena wanakosea kwa makusudi. Wako wanaosema nilimpiga shemeji yangu risasi ya kifua siku ya harusi yake. Uongo. Wako wanaosema nilikuwa naivunja Ramadhani mchana kweupe, kitandani, na mke wangu. Uongo mkubwa kuliko ule wa kwanza, na huo ndio unaonichoma mpaka leo na mvi zangu hizi. Basi naandika mwenyewe. Darasa niliishia la pili na mwandiko wangu ni kama kuku kapita kwenye unga, lakini bora mwandiko mbaya kuliko maneno ya Mjomba Salehe, Mungu amsamehe, mimi bado.

Huyu Mjomba Salehe alikuwa ndugu yake mama yetu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na fimbo asiyoihitaji, na kila ubaya ulioingia katika ukoo wetu ukiufuata nyayo zake utafika mlangoni kwake. Miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yuko, mimi nilikuwa kijana mwenye mke na bunduki. Bunduki ilikuwa ya marisawa, zile punje ndogo ndogo za risasi, nimeirithi kwa marehemu baba, na kibali nilikuwa nacho, kimetiwa mhuri. Kazi yangu ilikuwa kulinda mashamba ya watu upande wa Pugu, nguruwe na ngedere wakija kula mihogo nawapiga. (Nguruwe nampiga tu, simli, nawaachia wanaokula, na hata hilo watu walinitania nalo, lakini hayo madogo.) Mimi na mke wangu Zena tulipanga chumba Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani, ukikohoa chumba cha mbele wa chumba cha nyuma anakwambia pole. Lishikeni hilo la kukohoa.

Nilikuwa na dada mmoja tu, mdogo wangu, Tatu. Baba alipokufa mimi ndiye niliyekuwa walii wake, yaani mkono wa kumwoza ulikuwa wangu. Na Tatu alikuwa ameshaumizwa mara moja. Mwanamume wa Bagamoyo alimchumbia, siku ikapangwa, pilau likapikwa, hina akapakwa, na yule bwana hakutokea, mpaka leo hajatokea. Wanawake wakaanza kusema binti ana mkosi. Kwa hiyo alipokuja Saidi wa Ilala, fundi cherehani, kijana mwembamba mwenye adabu, sote tulishusha pumzi, na Tatu aliniita uani akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Aliniambia, "Kaka, nikirudi ndani mara ya pili na hina mkononi bila mume, usinitafute tena." Hakulia aliposema. Angelia ningeogopa kidogo. Hakulia.

Sasa Mjomba Salehe akaanza. Akaja akakaa barazani akasema, "Kondo mwanangu, hakuna binti wa ukoo wetu aliyeolewa kimya kimya kama kifaranga. Bwana harusi akifika mlangoni, bunduki zilie. Zisipolia mimi siji." Na tena akasema, "Na watu wa Ilala wajue mimi ndimi mjomba, kilemba changu nakisubiri." (Kilemba ndiyo ile heshima ambayo upande wa mwanamume humpelekea mjomba wa bibi harusi, wengine walitoa kitambaa, wengine kofia, ilimradi mjomba aone kakumbukwa kichwani.) Nikamwambia, Mjomba, risasi sina, kibali changu kinaniruhusu risasi chache kwa mwaka na za mwaka huu nguruwe wameshazimaliza. Akanitazama kama mtu aliyenunua dafu akakuta halina maji. "Baba yako," akasema, "asingekosa risasi."

Jamani, neno hilo. Mtu akitaka kukutia shimoni anakutajia baba yako.

Basi nikasikia kuna mtu wa Kilimanjaro ana duka nyuma ya soko, Bwana Elifasi, Mkristo mpole, anauza vyuma vya walowezi waliohama mashamba ya huko kwao, taa za karabai, mitego, cherehani zisizo na gurudumu. Na nikasikia anayo yale mashinikizo ya Wazungu ya kujazia risasi nyumbani, unachukua ganda lililokwisha kupigwa unalitia baruti upya, unaliziba, unavuta mkono wa chuma, unalishindilia, risasi mpya. Nikaenda. Mjomba akanifuata bila kualikwa.

Elifasi akatoa mashine mbili, akaziweka juu ya gunia.

"Hili dogo," akasema, "unalikamata mkononi, unaminya kama koleo. Unafanya kazi popote, hata ukikaa mkekani. Linashindilia kwa upole. Hili kubwa lina nguvu sana, lakini linataka kufungwa kwa parafujo kwenye meza nzito, usipolifunga litakurukia usoni. Una meza?"

Mjomba akacheka kwa pua. "Hilo dogo si la kukamulia ndimu? Kondo, harusi ya dada yako unaijia na kikamulio cha ndimu?"

"Mzee," akasema Elifasi, "kama ni risasi za kelele tu, zisizo na marisawa, dogo linatosha kabisa. Kubwa litabana mpaka kitu kiwe jiwe."

"Tumekuuliza wewe?" akasema Mjomba. "Wewe muuza chuma au mwenye harusi?"

Na mimi, mwana wa baba yangu, mimi niliyekuwa na akili zangu timamu asubuhi ile, nikaweka mkono juu ya lile kubwa nikasema, "Meza ninayo."

Meza sikuwa nayo. Nilikuwa na kitanda.

Nikifikiria siku ile nasikia moto masikioni. Mtu anakupa shauri zuri, hapati faida yoyote kwa kukwambia uchukue kidogo, na wewe unachukua kikubwa kwa sababu mzee mmoja kacheka kwa pua! Nimebeba lile chuma begani kupita katikati ya soko, wachukuzi wananiuliza, "Kaka, umeng'oa pampu ya nani?" na mimi nimevimba.

Zena alipoliona alisema, "Unaliweka wapi?" Nikamwonyesha kitakizo, ule mti mnene wa kitanda upande wa miguuni. Kitanda chenyewe kilikuwa cha mninga, mama mkwe alitupa siku ya ndoa, miguu imechongwa kama shingo za birika. Nikakitoboa. Nikapitisha parafujo, nikakaza, na kwa kuwa sikuwa na spana nzuri nikazipiga nyundo vichwa mpaka zikapinda, zisifunguke kamwe, na kweli hazikufunguka, mtaona. Zena alisimama mlangoni, akasema tu, "Umetoboa kitanda cha mama," halafu akatoka.

Kutengeneza risasi nyumbani serikali haikutaka. Mimi sikuuliza kama inataka au haitaki, kwa sababu nilijua jibu. Kwa hiyo kazi ikawa ya siri, na saa ya siri katika nyumba ile ilikuwa moja tu. Usiku, kwa kuwa ilikuwa Ramadhani na harusi ni baada ya Idi, watu wote walikuwa macho, uani kumejaa, wanapika daku, watoto wanakimbia ukumbini. Lakini mchana baada ya adhuhuri watu wamefunga, wamechoka, kila mtu kajilaza chumbani kwake na nyumba imetulia. Nikaona hiyo ndiyo saa yangu. Nikafunga mlango kwa komeo, nikamkalisha Zena anishikie maganda, nikavuta mkono wa shinikizo.

Kitanda kikalia. Kwiii-kwaa.

Nikavuta tena. Kwiii-kwaa.

Na chuma lile lilikuwa gumu, ukilivuta lazima utumie mwili wote, na mimi nimefunga, mate hayapo, nikawa nahema kama punda wa chokaa. Kwiii-kwaa, natweta, kwiii-kwaa, natweta, na kila risasi ikitoka salama, kwa hofu ya baruti, nasema kwa sauti, "Alhamdulillahi!" (Msiniulize vipimo vya baruti, sisemi, si mchezo wa mtu kucheza.) Mimi sikufikiria kitu. Akili yangu yote iko kwenye ganda. Nyumba nzima, nimekwambieni, ukikohoa unapewa pole.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Nyange, mwenye nyumba, mjane mcha Mungu, chumba chake kinatazamana na chetu.

"Kondo, baba."

"Naam, Bi Nyange."

"Leo tumefunga au hatukufunga?"

"Tumefunga, mama."

"Na wote mliomo humo mmefunga?"

"Niko peke yangu!" nikasema, nikihema, na jasho linanitiririka, na papo hapo vumbi la baruti likamwingia Zena puani, akapiga chafya. Chafya ya kike, nyembamba, hata kiziwi angeijua.

Bi Nyange akasema taratibu kama anasoma hitima, "Mngoje jua lizame, wanangu. Jua linazama kila siku."

Basi. Kuanzia hapo nikawa mzoga. Nikipita barazani vijana wananiuliza, "Kondo, leo utafuturu, au ulishafuturu?" Mwalimu wetu wa msikitini akatoa mawaidha juu ya mtu asiyeweza kuzuia nafsi yake hata mchana mmoja, na kila kichwa msikitini kikageuka kunitafuta. Zena akienda bombani wanawake wanaacha kuzungumza, wanampisha, "Tangulia dada, wewe umechoka." Akarudi na ndoo tupu, akaitupa.

"Waambie ukweli," akasema.

"Nikisema ukweli nafungwa. Na bunduki ya baba inakwenda. Na nikifungwa nani atamwoza Tatu?"

"Na jina langu mimi?"

"Vumilia mpaka harusi ipite."

"Mnavumilisha watu nyinyi," akasema, na hakunipikia uji siku ile wala iliyofuata. Alikuwa na haki. Hilo nalikubali. Lakini mnadhani hasira yangu nilimwelekezea Mjomba? Mjomba alikuwa anakuja kila jioni kufuturu kwangu, anakula tambi zangu, anauliza, "Zinakwendaje?" na akifika barazani kwa wenzake anatikisa kichwa, anasema, "Vijana wa siku hizi, hawawezi kungoja magharibi." Alijua! Alijua kinacholia ni nini! Akanicheka na wenzake!

Sasa zile risasi, juu ya baruti lazima utie kizibo, na Elifasi alikuwa ameniambia kizibo kizuri ni cha sufu ngumu iliyoshikana, kama ya kofia. Nikapekua kasha letu, Zena siku hizo hanishikii tena maganda, chini kabisa, nimeinua kanga na shuka, nikakuta tarbushi, kofia nyekundu ya sufu, imefungwa kwenye kipande cha kaniki. Ina vumbi, ina tundu la nondo. Nikajua ni ya marehemu baba, alikuwa nayo kama hiyo. Nikaibusu, wallahi niliibusu, nikasema baba nawe utakuwemo katika harusi ya binti yako, nikachukua kipande cha bomba nilichokinoa ncha nikaikata yote vizibo vya duara, kama shilingi nyekundu. Na lile shinikizo kubwa likavibana. Elifasi alisema vitakuwa jiwe, na vikawa jiwe.

Siku ya harusi ikafika. Baada ya alasiri bwana harusi akaja kutoka Ilala kwa miguu, matwari yanalia, watu wa Barabara ya Msimbazi wametoka milangoni, Saidi katikati na kanzu nyeupe peee, mbele yake shangazi yake, Bi Mwajuma, mama mnene mwenye sauti, anaongoza kama amiri jeshi. Tatu yuko ndani, hina miguuni na mikononi. Akdi bado, ndoa haijafungwa. Mwalimu ameshakaa mkekani ananisubiri mimi walii niingie. Wasichana wetu wakampokea Saidi mlangoni kwa mirashi, vile vyupa vya kunyunyizia, wakammwagia marashi mpaka kanzu ikamganda kifuani.

Mjomba akanipa ishara kwa fimbo yake.

Nikaelekeza bunduki mbinguni. Naapa, juu kabisa. Ya kwanza ikalia, duuu, mpaka kunguru wa soko zima wakaruka, wanawake vigelegele, Mjomba akavimba kifua. Nikapiga ya pili. Kizibo kingekuwa kilegevu, kingekuwa cha lile dogo la ndimu, kingechanika hewani kikaanguka kama pamba. Changu kilikuwa jiwe. Kikaenda kikapiga mfereji wa bati wa nyumba ya mbele, ngwe! kikarudi chini, kikamtua Saidi kifuani, pale penye maji ya marashi, kikang'ang'ania. Na rangi ya tarbushi, jamani, ikaanza kuchuruzika.

Saidi akainama akajitazama. Akaona wekundu unatambaa kwenye kanzu yake. Akasema kwa sauti ndogo ya adabu, "Nimekufa," akaenda chini.

Bi Mwajuma akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika bandarini. "Wamemuuaaa! Wamemwita aje wamuue!" Matwari yakatupwa. Watu wakakimbia, wengine walikimbia mpaka Mnazi Mmoja ndipo wakaulizana wanakimbia nini. Meza ya kahawa ikapinduka, sinia la haluwa likakanyagwa. Na mimi nimesimama katikati ya barabara, peke yangu, bunduki inatoa moshi. Nikageuka kumtafuta Mjomba aseme neno. Niliiona fimbo yake tu, imelala chini.

Askari walikuja upesi (siku ukiibiwa hawaji hivyo), wakanichukua, wakaichukua bunduki na risasi zilizobaki, wakaviokota na vile vizibo, wakanitia mahabusu, nyuma ya nondo za chuma. Sajini wa zamu alikuwa Mnyamwezi mrefu. Mimi Mzaramo, na mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na utani haukasirikiwi. Kwa hiyo katika siku niliyokuwa na hasira kuliko zote za maisha yangu, nikapangiwa mtu nisiyeruhusiwa kumkasirikia.

"Mzaramo," akasema, "nguruwe wamekwisha Pugu, umeanza bwana harusi?"

Nikasema risasi nimenunua dukani. Akauliza duka gani. Hakungoja jibu, akaipasua moja kwa kisu, akakitazama kile kizibo. "Dukani wanatia kofia?"

Wakati huo kituo kikaanza kujaa. Saidi alifika kwa miguu yake, mzima, hana hata mkwaruzo, kanzu imetapakaa nyekundu, anaona haya hata kutazama watu maana kazimia kwa kupigwa na kofia. Nyuma yake Bi Mwajuma. Nyuma yake Mwalimu. Bi Nyange. Nusu ya mtaa. Na Mjomba, amekwishaipata fimbo yake.

"Ndoa hii haina heri," akasema Bi Mwajuma. "Binti ana mkosi, tuliambiwa hatukusikia. Tunarudi Ilala."

Ndipo Zena akapenya katikati ya watu, akaja mpaka kwenye nondo, akaniambia kwa sauti ya chini, "Tatu amekaa ukumbini, mikono ameiweka hivi juu ya magoti. Ameniambia nikwambie hina haijakauka." Halafu akamgeukia sajini, akapaza sauti watu wote wasikie, na nilijua kabla hajafungua kinywa kwamba nimekwisha.

"Bwana sajini, unataka kujua risasi zimetoka wapi? Nenda kaangalie kitandani kwetu."

Askari wakaenda. Wakajaribu kufungua parafujo, zimepinda, hazifunguki. Basi wakakileta kitanda. Kitanda kizima! Juu ya mkokoteni, kupita sokoni, godoro limebaki nyumbani na lile shinikizo limesimama miguuni kama mgonjwa anayeketi, na kila aliyeuona msafara ule akaufuata. Wakakiingiza kituoni. Sajini akalizunguka lile chuma, akaukamata ule mkono wa chuma, akauvuta.

Kwiii-kwaa.

Akavuta tena, naye akatweta. Kwiii-kwaa.

"Ndiyo hiyo!" akapiga kelele Bi Nyange. "Lahaula! Ndiyo hiyo tuliyoisikia mwezi mzima! Kumbe chuma! Zena mwanangu, nisamehe!" Na watu wakaangua kicheko, kituo kizima, mahabusu wenzangu wanashika nondo wasianguke, Mwalimu kajifunika uso kwa kilemba chake. Zena hakucheka. Alisimama wima, amefunga kanga, anawatazama wanawake wa bombani mmoja mmoja mpaka wakainamisha macho. Jina lake lilisafishwa pale, na kuni za kuchemshia maji ya kulisafisha zilikuwa mimi.

Sajini akamuuliza Mjomba kama anaijua mashine ile. Mjomba akaigusa kwa ncha ya fimbo. "Mimi? Mimi mtu mzima, nitajulia wapi vitu hivi? Na harusi yenyewe sikuitaka, watu hawa hawakuniletea hata kilemba changu."

"Muongo!" akaruka Bi Mwajuma. "Tarbushi nilileta kwa mkono wangu, kabla ya Ramadhani, nikampa mke wa huyu!"

"Nilipokea," akasema Zena. "Nikaifunga kwenye kaniki, nikaitia kashani. Halafu yakaanza haya ya kitanda, tukanuniana, nikasahau kusema."

Watu wote wakanitazama. Halafu wakatazama mezani, vile vizibo vyekundu. Kumbe haikuwa ya baba.

Mjomba akakiendea kizibo kimoja, akakiinua. "Kofia yangu," akasema, na sauti ilimtetemeka kweli. Halafu akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. "Na hili tundu?"

Bi Mwajuma akaanza kufunga upya kanga iliyokuwa imefungwa sawasawa.

"Mmeniletea kofia iliyoliwa na nondo?" akasema Mjomba. "Mimi? Kofia ya maiti gani hii?"

"Ya... ya babu yake Saidi," akasema Bi Mwajuma. "Ilikuwa ya heshima."

Wakaanza. Huyu anasema nondo, yule anasema risasi, huyu anasema Ilala watu wa chini, yule anasema Kariakoo wauaji, na Tatu yuko ukumbini na mikono juu ya magoti. Hapo ndipo nilipopasuka. Sijawahi kupiga kelele vile kabla wala baada. Nikazishika nondo nikazitikisa.

"Nyamazeni! Mjomba, wewe ndiye uliyelitaka kubwa, wewe ndiye uliyecheka kwa pua, na kila jioni ulikula tambi zangu ukanicheka barazani! Wewe mama, umemletea mtu kofia ya marehemu halafu unasema mdogo wangu ana mkosi! Ana mkosi wa nini? Mkosi wake ni sisi! Haya, nendeni! Nani atatangulia kutoka hapo nje akawasimulie watu? Aseme la nondo kwanza au la fimbo iliyoachwa barabarani? Mwalimu, wewe uliyenihubiri mimi mwezi mzima, uko hapo?"

"Niko, Kondo," akasema Mwalimu kwa unyonge.

"Saidi, unamtaka Tatu au humtaki?"

Saidi, yule kijana wa adabu, akasogea mpaka kwenye nondo. "Namtaka, kaka. Hata ningekufa kweli ningemtaka."

"Basi lete mkono."

Mwalimu akamtazama sajini. Sajini akakenua meno, akasema, "Mzaramo kaoza dada yake mahabusu. Nikikataa hii, kwetu Tabora hawatanisamehe. Ozesheni. Lakini bunduki hairudi."

Saidi akaupitisha mkono kati ya nondo, nikaukamata, na Mwalimu akasoma hotuba pale pale, na mimi nikamwoza dada yangu, neno kwa neno, sauti inatetemeka kwa hasira, watu wakadhani ni uchungu wa ndugu. Saidi akaitikia. Mkono wake ulikuwa umelowa marashi na rangi ya tarbushi, na alipouchomoa kiganja changu kilitoka chekundu kama cha bibi harusi.

Tatu aliolewa na hina mbichi. Wamezaa, wameoa na kuoza, Saidi mpaka leo nikipiga makofi mbele yake anashika kifua. Mimi nilikwenda kortini, bunduki ya baba ikapotelea serikalini, na kitanda cha mama mkwe kilikaa kituoni mpaka mchwa wakakipenda, tukalala mkekani, na Zena aliniambia mkeka una faida yake, haulii. Elifasi nilimpitia baadaye. Hakunisimanga hata kidogo. Lile dogo lilikuwa bado pale pale juu ya gunia, na nilipoliona nilitamani kulitupa baharini, na Mjomba juu yake.

Mjomba alikufa akidai kofia. Nilimzika, nilishika jeneza, hasira sikuizika. Watu wanasema mzee achana nayo, ni zamani. Zamani gani? Juzi tu mjukuu wa jirani, hata hajui bunduki ni nini, alipita akaniambia, "Shikamoo babu, leo kitanda hakijalia?"

Kwa hiyo nimejiwekea sheria yangu, na nitakufa nayo. Kitu kikubwa mtu akinisifia, nachukua kidogo. Na Ramadhani ikiingia, mchana, hata niwe naumwa, hata jua liwe la kupasua mawe, chumbani kwangu silali. Natandika mkeka wangu barazani, nalala chali, watu wote wanione.